Wadudu hai wa kulishia kware na mijusi: wepi ununue kwanza

Anayefuga kware anajua kwamba chakula ndicho kinachomaliza faida. Kifaranga wa kware anataka protini ya karibu asilimia 24, kuliko hata kifaranga wa kuku, na bei ya dagaa na soya haimhurumii mtu. Wadudu hai husaidia sana hapo. Ila usinunue wadudu wa kulisha wiki hii tu: nunua mbegu, uzalishe mwenyewe. Nimewapanga kwa kigezo hicho.

1. Nzi chuma (kwa Kiingereza Black Soldier Fly, BSF)

Kwa mfuga kware sioni wa kushindana naye. Funza wake wakikaushwa wana protini ya takriban asilimia 40, na kalsiamu yao inawapita mbali nyenje na mchwa. Kware huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba, kwa hiyo kalsiamu hiyo ni ya thamani. Nzi mwenyewe si kero nyumbani. Akishakomaa huishi kwa mafuta aliyojiwekea alipokuwa funza, hana haja ya kutua kwenye sahani zenu.

Huuzwa kama mayai, kwa gramu, au kama funza wachanga. Chukua mayai ikiwa muuzaji yuko karibu. Gramu moja ina maelfu kwa maelfu, inamtosha kabisa anayeanza. Omba yaliyotagwa leo au jana, kwani huanguliwa ndani ya siku tatu au nne. Yaweke juu ya kipande cha wavu, chini yake pumba mbichi iliyololoweshwa, mayai yasiguse unyevu. Baada ya siku tano hivi wahamishie kwenye maganda ya ndizi, maembe yaliyooza, machicha au ugali uliolala. Kamua chakula chao kwa kiganja: yakitoka matone machache, sawa. Yakitiririka, ongeza pumba, la sivyo funza watapanda kuta na kutoroka.

Vuna baada ya wiki mbili hivi, wangali na rangi ya maziwa. Wanaogeuka weusi waache, hao watakuwa nzi, ndio mbegu yako. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanaweka kizimba cha neti ndani ya stoo yenye giza, halafu wanalalamika hawaoni mayai. Nzi hawa hupandana kwenye mwanga. Kipeleke kizimba juani, uwanyunyizie maji kidogo.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji anawalisha nini. Funza hawa hukusanya metali nzito kama kadimiamu mwilini, na metali hiyo itamfikia kware wako. Asiyetaka kukuonyesha chakula chao, mwache.

2. Nyenje

Kwa mjusi au kinyonga nyenje ndiye wa kwanza, maana wanyama hao huvutwa na kinachotembea. Mwaka 2018 wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walimtangaza nyenje mpya wa Kenya, Scapsipedus icipe, anayefugika vizuri. Nunua wanaoruka kwa nguvu, wenye miguu kamili. Boksi likinuka mkojo na maiti zimejaa chini, ondoka.

Wape trei za mayai za kujifichia, pamba yenye maji (kwenye bakuli huzama) na joto la karibu nyuzi 30. Pwani hilo si tatizo. Penye baridi kama Limuru utahitaji balbu. Kalsiamu yao ni ndogo, kwa hiyo walishe sukuma wiki na karoti siku moja kabla, kisha wapake unga wa kalsiamu. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Waliobaki watoe jioni, kwa sababu humng'ata mjusi akilala. Na Kenya, usifuge kware wala mtambaazi bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori.

3. Mabuu ya mbawakawa wa unga

Hayanuki wala hayapigi kelele, yanamfaa mkaazi wa fleti. Pumba ya ngano na kipande cha karoti vinatosha. Lakini yana mafuta mengi na huchukua miezi kukua, kwa hiyo yawe kitoweo cha mara mojamoja.

4. Mchwa

Ni wa bure. Jaza chungu magunzi na samadi yenye unyevu, kifudikize kwenye tundu la kichuguu jioni, asubuhi una mlo wa vifaranga. Nimewaweka nyuma kwa sababu hawazalishiki nyumbani. Na usiwategee kabisa palipopigwa dawa.

Wa kukataa

Mende wa jikoni hubeba dawa ya kuulia wadudu na minyoo. Funza wa mizoga wanaweza kuua kundi zima kwa sumu ya botulini. Kimulimuli naye ana sumu: hata mmoja anaweza kumuua mjusi, kwa hiyo kagua kila ulichokamata usiku kwenye taa kabla ya kukimwaga kizimbani.