Uzoefu wangu na silikoni isiyo na asidi kwenye madirisha yanayovujisha maji ya mvua

Silikoni isiyo na asidi, ile inayoelezwa kwenye tyubu yake kuwa ni ya matumizi ya nje na kwamba hushika saruji pamoja na metali, imeyazuia maji yaliyokuwa yakipenya kati ya fremu za aluminiamu na ukuta wa nyumba yangu, na tangu niipake lipu ya ndani haijalowa tena hata mvua inapopigwa na upepo. Tyubu hizi hufanana sana dukani, ilhali tofauti zake ndizo zinazoamua kama kazi itadumu. Silikoni inayotoa harufu ya siki inapokauka inafaa kwenye kioo na vigae, lakini asidi yake hula baadhi ya metali, nayo haishikamani vyema na saruji, kwa hiyo aghalabu hubanduka upande wa ukuta huku upande wa fremu ukiwa bado umeshika. Vijazo vya akriliki hupakika rangi bila taabu, ila husinyaa vikikauka, na mvua ikivikuta vibichi huvisomba.

Hata hivyo, hakuna silikoni itakayokuonyesha maji yanakoingilia. Kabla ya kununua nilimwagia dirisha maji kwa mpira, nikianzia kwenye kizingiti cha chini na kupanda polepole, mwenzangu akiangalia ndani kwa tochi, kwa sababu ukianzia juu maji huteremka kila mahali na hutajua ni ufa upi uliyapitisha. Doa lililokuwa chini ya kona lilianza kulowa pale tu maji yalipofika kwenye ungio wa juu wa fremu, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipashuku, maana dimbwi lilionekana chini siku zote.

Maandalizi ndiyo yaliyochukua muda mrefu kuliko upakaji wenyewe. Kijazo cha zamani lazima kikwanguliwe chote, fremu ifutwe kwa spiriti na ukuta uachwe ukauke, kisha kwenye ufa mpana itangulizwe kamba ya sponji. Kamba hiyo hupunguza kina, ambacho kinafaa kiwe takriban nusu ya upana wa ufa, na pia huizuia silikoni isigandie nyuma, ikabaki imeshika pande mbili tu na kuweza kuvutika fremu inapotanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Tyubu ya mililita 300 hutosha takriban mita 12 kwa mstari wenye upana na kina cha milimita 5, au mita 6 upana ukiwa milimita 10, iwapo hutamwaga nyingi pembeni. Juu hufanya ngozi upesi, lakini ndani hukauka kwa unyevu wa hewa, kama milimita 2 hadi 3 kwa siku, hivyo ni vyema kuchagua siku ambazo mvua haitarajiwi.

Vile vitundu vidogo vilivyo chini ya fremu kwa upande wa nje visizibwe kamwe. Vimewekwa ili maji yanayoingia kwenye reli yatoke, na ukiviziba yatajaa na kumwagikia ndani, nawe utadhani silikoni ndiyo iliyoshindwa.

Kasoro zake zipo. Rangi haishiki juu yake, vumbi huiganda ikafifia, na ukitaka kurekebisha baadaye ni lazima uondoe ya kwanza, kwani mpya haishikamani vizuri na iliyokwisha kukauka. Kwa fremu za mbao zitakazopakwa rangi ningechagua kijazo cha poliyurethani, ambacho hupakika rangi. Aidha, dirisha moja liliendelea kuvuja baada ya kupakwa, kwa sababu kizingiti chake kilielekeza maji ndani badala ya nje. Hapo ilibidi fundi akivunje na kukijenga upya kwa mteremko wa kutoa maji nje, akaacha na mfereji mwembamba upande wa chini wa ukingo ili matone yadondoke kabla ya kurudi ukutani.