Kiwavi Mwenye Njaa na Matundu Yake: Uchambuzi wa Kitabu cha Kadibodi kwa Watoto Wadogo

Karibuni tena, watazamaji wangu. Kitabu nilichokishika hapa ni The Very Hungry Caterpillar cha Eric Carle, na kwa kuwa wengi wenu mmekwisha kukiona, sitawachosha kwa kuwasimulia kisa chote: kiwavi anatoka kwenye yai, anakula wiki nzima, tumbo linamuuma, kisha anageuka kipepeo. Kilitoka mwaka 1969, kimeuzwa nakala zaidi ya milioni 50, na maneno yake ya Kiingereza hayafiki hata 300. Hayo mtayapata popote. Mimi leo nataka tuzungumzie matundu, kwa sababu wachambuzi wengi huyataja kwa sentensi moja kana kwamba ni pambo tu, ilhali kwa maoni yangu ukiyaziba matundu haya unabakiwa na kitabu cha kawaida kabisa chenye picha za kupendeza.

Naomba kamera isogee karibu. Tazameni ukurasa wa Jumatatu: ni mwembamba mno, na juu yake pana tofaa moja tu. Ukurasa wa Jumanne unauzidi upana kidogo, nao una mapeasi mawili. Jumatano kuna plamu tatu, Alhamisi stroberi nne, na Ijumaa machungwa matano. Kwa kuwa kila ukurasa ni mpana kuliko uliotangulia, kurasa hizi zimepangana kama ngazi, na mtoto anaweza kuona kingo za matunda yanayofuata kabla hata hujamsomea neno lolote. Sasa angalieni katikati ya kila tunda. Kuna tundu la mviringo linalotokeza upande wa pili, na hapo ndipo kiwavi alipopita.

Sikilizeni kinachotokea ukimpa mtoto kitabu hiki. Mpwa wangu, ambaye bado hajatimiza miaka mitatu, hakusubiri nimsomee. Alichomeka kidole kwenye tofaa, akageuza ukurasa kidole kikiwa bado ndani, akaona ncha yake imetokeza upande wa pili, akaniambia, "Mjomba, nimemla!" Alipofika kwenye mapeasi alitumia vidole viwili, kimoja kwa kila tundu, bila kuelekezwa na mtu. Kwenye plamu vidole vya mkono mmoja vilianza kugombana, ikabidi akiweke kitabu sakafuni ili atumie mikono yote miwili. Hapo amekwisha kuhesabu moja, mbili, tatu kwa mwili wake mwenyewe, ameelewa kwamba kurasa hugeuzwa kwa mpangilio, na ameelewa kwamba kilichoanzia mbele ya karatasi kinaendelea nyuma yake. Mwalimu wa chekechea angehitaji vipindi kadhaa kuyafundisha hayo kwa ubao na chaki.

Asili ya matundu haya ni ya kufurahisha. Carle alikuwa akichezea mashine ya ofisini ya kutoboa karatasi, akatoboa rundo la karatasi, na alipoyatazama matundu akamfikiria mdudu anayekula vitabu. Mhusika wake wa kwanza alikuwa mnyoo aliyeitwa Willi. Mhariri wake, Ann Beneduce, hakuvutiwa na mnyoo, akapendekeza kiwavi, na Carle akaona papo hapo kwamba kiwavi huleta kipepeo. Tatizo likabaki kwenye uchapaji: kurasa za upana tofauti zenye matundu zilikuwa ghali mno kuzalisha Marekani, hivyo toleo la kwanza lilichapishwa Japani. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini kitabu chenye maneno machache hivi kina bei kubwa hivi, mwambie kwamba analipia mashine ya kukata.

Nimetaja bei, basi niimalize kabisa. Nakala mpya ya kadibodi katika maduka ya vitabu ya hapa Dar es Salaam inaniudhi, kwa sababu fedha ya nakala hiyo moja inanunua vitabu kadhaa vyembamba vya Kiswahili. Hii mnayoiona niliipata kwa muuza vitabu vya mitumba kwa shilingi elfu nane baada ya kupatana sana. Mkinunua mitumba, msidanganyike na jalada zuri. Fungueni kwanza ukurasa wa Jumatatu, kwa maana ndio mwembamba kuliko yote na ndio unaotangulia kung'oka, kisha pitisheni kidole kwenye kila tundu mkikagua kama kingo zimechanika. Toleo la karatasi laini msilinunue kwa mtoto wa chini ya miaka minne, kwani matundu yatageuka mipasuko kabla mwezi haujaisha. Toleo dogo la mfukoni nalo silipendi: matundu yake yanamtosha mtoto, lakini kidole changu hakipiti, na mchezo huu unataka wasomaji wawili.

Sasa tufike kwenye ukurasa wa Jumamosi, ambao nina ugomvi nao. Kiwavi anakula vitu kumi kwa siku moja: keki ya chokoleti, aiskrimu, tango la siki, jibini, salami, pipi ya kijiti, pai, soseji, keki ndogo na kipande cha tikitimaji. Mtoto wa Buguruni au wa Tanga anatambua tikitimaji, soseji, aiskrimu na pipi, na vilivyobaki mzazi analazimika kuvieleza kimoja kimoja mpaka kisa kinapoa. Mtazamaji mmoja wa Zanzibar aliniuliza afanye nini na salami, kwani mtoto wake alitaka kujua ni nyama ya mnyama gani. Jibu langu ni kwamba picha ni mali ya msomaji, hivyo anaweza kuiita nyama ya kukausha na safari ikaendelea. Hata hivyo, kadiri ninavyoendelea kuusoma ukurasa huu na watoto mbalimbali, ndivyo chuki yangu inavyopungua, kwa sababu hakuna mtoto asiyecheka anapoona kiwavi amekula vyote hivyo, na swali la "Wewe ukila vyote hivi utakuwaje?" huleta majibu ambayo siwezi kuyarudia yote hapa.

Swali la namna hiyo ndilo zoezi la kwanza ninalolipendekeza, nalo halina gharama. Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani, Grover Whitehurst, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti juu ya wazazi waliofundishwa kuwauliza watoto wadogo maswali ya wazi wakati wa kusoma badala ya kusoma mfululizo, na watoto hao waliwapita wenzao katika kujieleza. Bibi zetu walikuwa na njia yao ya kumfanya msikilizaji ashiriki: anayesimulia anasema "Paukwa!", na hadithi haianzi mpaka wasikilizaji waitikie "Pakawa!" Mimi huchanganya yote mawili. Kabla ya kufunua ukurasa wa Jumanne nasema "Paukwa!", mtoto anaitikia, kisha namuuliza, "Kesho atakula nini?" Simpi majibu ya kuchagua wala sikubali "ndiyo" au "hapana". Akisema "ugali", namuuliza kwa mboga gani. Ukurasa mmoja unaweza kutuchukua dakika tano, na sioni sababu ya kuharakisha.

Nitaje hapa mshindani wa kitabu hiki, yaani vile vitabu vyenye vitufe vya sauti vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuchezea. Sitataja chapa. Nilikopeshwa kimoja na jirani kwa ajili ya uchambuzi huu, na kilichonishangaza ni kwamba mtoto hafungui ukurasa wa pili. Anabonyeza kitufe cha ng'ombe, ng'ombe analia, anabonyeza tena, ng'ombe analia tena, na mzazi hana nafasi ya kuingiza neno, kwa sababu kifaa kinaongea kwa sauti kubwa kuliko yeye. Betri zikiisha, kinabaki ni kadibodi nzito yenye picha hafifu. Kwa safari ndefu ya basi ningekichukua, mradi abiria wa kiti cha mbele ni mvumilivu.

Zoezi la pili ni kutengeneza kitabu chenu wenyewe, nami nimetengeneza hiki hapa kwa boksi tupu la biskuti. Kateni vipande vitano vya kadibodi vya kimo kimoja. Cha kwanza kiwe na upana wa vidole vinne vya mtu mzima, na kila kinachofuata kizidi kwa vidole viwili. Matunda tuliyoyachagua ni ya sokoni kwetu: embe moja, mapera mawili, ndizi tatu, mastafeli manne na matopetope matano. Mwacheni mtoto achore na apake rangi hata kama pera lake linafanana na ndizi. Mashine ya ofisini ya kutoboa karatasi haifiki katikati ya ukurasa, kwa hiyo mkiitumia, matunda yachorwe kandokando ya ukingo. Nilichofanya mimi ni kuilaza kadibodi juu ya kandambili kuukuu, nikatoboa kwa msumari, kisha mtoto akapanua tundu kwa kuzungusha penseli ndani yake. Hiyo kazi ya msumari ni ya mtu mzima, na kazi ya penseli ndiyo watakayoigombania. Fungeni kurasa kwa uzi mnene wa kushonea viatu, kwa sababu pini za stepla hukwaruza vidole.

Zoezi la tatu ndilo ninalolipenda kupita yote, nalo linahitaji mlimau au mndimu. Tafuteni kwenye majani machanga kitu kinachofanana na kinyesi cha ndege, cha rangi ya kahawia chenye mabaka meupe. Huyo ni kiwavi mchanga wa kipepeo anayeitwa kitaalamu Papilio demodocus, ambaye yupo kwa wingi Afrika Mashariki na hutaga mayai yake kwenye miti ya jamii ya michungwa. Akikua anakuwa wa kijani, na mkimgusa kwa kijiti anachomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Watoto hupiga kelele hapo, kisha huomba aguswe tena. Wekeni kijiti chenye majani ndani ya chupa pana, funikeni kwa kitambaa chenye matundu madogo, na kila siku badilisheni majani, yatoke mti uleule na yasiwe yamepuliziwa dawa. Viwavi wenye manyoya msiwaguse kabisa, kwani wengi wao huwasha ngozi.

Hapo mtaona jambo ambalo Carle hakulichora sawasawa. Kitabuni kiwavi anajijengea nyumba inayomfunika, yaani kifukofuko, lakini hivyo ndivyo wafanyavyo nondo wengi. Kiwavi wa mlimau anajifunga kwenye kijiti kwa uzi mmoja mwembamba uliomzunguka kiunoni, anajivua ngozi, na kinachobaki ni pupa ngumu isiyo na kifuniko chochote. Baada ya wiki mbili hivi, au zaidi kidogo, anatoka kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano. Sikipunguzii kitabu alama kwa kosa hilo, kwa sababu mtoto aliyemwona pupa halisi ndiye atakayemsahihisha mwandishi, na sijui zoezi la kusoma linalolizidi hilo.

Tukirudi kwenye swali la kununua, naona msimamo wangu umelegea tangu nilipoanza kuzungumza. Kama mtoto wako ana kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu, na umepata nakala ya kadibodi kwa bei ya mitumba, inunue. Kama ana miaka minne au mitano na fedha ni ya kitu kimoja tu, ningeanza na hadithi za Kiswahili, maana katika umri huo anataka maneno kuliko matundu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umewezesha kuchapishwa kwa vitabu vingi vya namna hiyo, ingawa karatasi zake ni nyembamba na hazifai kuachiwa mtoto anayeng'ata. Asiye na fedha ya kitabu aingie African Storybook, maktaba ya mtandaoni iliyozinduliwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Hadithi zake za Kiswahili ni za bure, na leseni yake inakuruhusu kuzipakua, kuzichapa steshenari, na hata kuzitafsiri kwa lugha ya nyumbani kwenu. Picha zake hazina ubora mmoja, na baadhi ya hadithi zinakatika ghafla, lakini fisi na sungura wamo. Walio Dar es Salaam wasisahau sehemu ya watoto ya Maktaba Kuu iliyopo Mtaa wa Bibi Titi Mohamed.

Kuhusu chaneli yetu, kuanzia sasa vipindi vya vitabu vya watoto vitatoka Jumamosi asubuhi badala ya Alhamisi usiku, kwa kuwa wazazi wengi mmelalamika kwamba Alhamisi huwakuta mkiwa bado barabarani. Kipindi kijacho kitahusu vitabu vya nguo ambavyo vinafuliwa, na fundi cherehani amekubali kutushonea kimoja mbele ya kamera kwa vipande vya kanga. Anayependa kukiona ajiandikishe na abonyeze kengele. Vipimo vya kile kitabu cha boksi la biskuti nimeviandika hapo chini ya video, na aliyefanikiwa kumpata kiwavi wa mlimau atuambie kwenye maoni yuko mkoa gani na alitumia chupa ya namna gani.