Jiko la kuchomea nyama: nimerudi kwa fundi wa Gerezani, Dar es Salaam
Lile la kukunja la dukani lilinitia hasara. Safari ya pili tu Kigamboni, miguu ililegea mchangani, mishikaki yote chini. Bati lenyewe jembamba. Mkaa ulipokolea, kitako kikapinda.

Sasa nina la fundi wa Gerezani, la chuma kizito. Kulibeba kunachosha, ila moto unatulia. Kabla ya kulipa nilikandamiza wavu kwa kiganja, haukubonyea. Matundu ya hewa yako chini ubavuni, na upande mmoja kuna bati la kukinga upepo wa bahari. Hilo ndilo lililonivutia hasa, maana upepo ukipuliza ovyo kuku huungua nje na ndani bado ana damu. Miguu inachomoka, linaingia nyuma ya bajaji bila tabu.