Falanksi ya Makedonia au manipuli za Roma?

Ubishi huu hauishi: ipi bora vitani, falanksi (askari waliobanana safu kwa safu wakiwa na mikuki mirefu) au manipuli (vikosi vidogo vya askari wa Roma)? Kwa kusukumana uso kwa uso, falanksi haikuwa na mpinzani: mikuki ya sarisa, mita 5 na zaidi, ncha za safu tano zikitangulia mbele. Mroma mwenye upanga mfupi alikabili ncha kumi peke yake.

Kasheshe ni kugeuka. Huko Cynoscephalae, vilima vya Ugiriki, mwaka 197 KK, ubavu wa kulia wa jeshi la Philip V, mfalme wa Makedonia, uliwarudisha Waroma mteremkoni. Ndipo ofisa mmoja wa Roma, ambaye hata jina halikuandikwa, akachomoa manipuli 20 na kuwazunguka Wamakedonia kwa nyuma. Mikono yote miwili imeshika mti mrefu, utageukaje? Wamakedonia wengine wakainua sarisa juu, ishara ya kusalimu amri. Waroma hawakuielewa, wakaendelea kuua.

Manipuli nazo zina gharama yake: zinataka maofisa wadogo wanaoamua papo hapo. Falanksi inataka wapanda farasi wa kulinda mbavu, na Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia wa zamani zaidi, alikuwa nao.

Uwanja tambarare, mbavu salama? Mimi ningechukua falanksi. Ardhi isiyo sawa, kama ile iliyovunja safu za falanksi huko Pydna, Makedonia, mwaka 168 KK? Manipuli, bila kusita.