Tekken 3 Hii Siyo Ile: Konsoli Ndogo Nne kwenye Mkeka Mmoja

Assalaam aleikum, hamjambo nyote, karibuni tena chumbani kwangu hapa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Feni nimeizima ili sauti isivume, kwa hivyo mkiona jasho lanitiririka msishangae, joto la leo mnalijua. Leo sina mzunguko. Nimekasirika tangu juzi, na mkae nami mpaka mwisho kwa sababu kitu kilichonikasirisha nitawaonyesha kwa macho, hamtahitaji kuniamini kwa mdomo.

Hapa kwenye mkeka ninazo konsoli ndogo nne, mashine za kuchezea gemu za zamani. Nintendo ndogo, ile NES ya mwaka 2016. Super Nintendo ndogo ya 2017. PlayStation Classic ya 2018. Na hii nyeusi ni Mega Drive Mini ya Sega, ya 2019. Zote zaingia kwenye kiganja, zote zina gemu ndani kwa ndani, huweki kanda wala sidii. Waya wa HDMI kwenye tivi, waya mdogo wa USB kwenye chaja ya simu, basi. Hayo mnayajua, nishayaeleza kwenye video ya zamani, sirudii.

Twende kwa PlayStation, maana ndiyo iliyoniketisha hapa.

Mimi nimekulia kwenye chumba cha PS, yaani cha kucheza PlayStation kwa kulipa, kule Majengo. Chumba hakina dirisha, tivi mbili, benchi moja, na mlangoni mwenye chumba na daftari lake. Unalipa shilingi kumi, unacheza, ukipigwa unashuka, anapanda mwengine. Tekken 3, gemu ya kupigana, ndiyo iliyokuwa mfalme pale. Na kulikuwa na sheria: Eddy Gordo, mmoja wa wapiganaji wa gemu hiyo, haruhusiwi kwa mgeni, kwa sababu mtoto asiyejua lolote akibonyeza vitufe viwili vya mateke kwa fujo anamwangusha mtu mzima aliyefanya mazoezi wiki nzima. Nimeona watu wazima wakikosana kwa sababu ya Eddy. Kwa hivyo mjomba alipotoka Marekani na kuniletea hii, na nikaona Tekken 3 ni moja ya zile gemu 20, moyo ulinienda mbio wallahi. Nikaichomeka kabla hata sijala.

Dakika ya kwanza nikahisi kitu. Nikadhani ni mimi. Nikadhani vidole vimezeeka. Nikamwita ndugu yangu mdogo, ambaye hakuwahi kuingia kwenye chumba kile, nikamwambia cheza. Akaniambia, "Kaka, mbona huyu kama anacheza ndani ya maji?"

Sasa tazameni. Hapa kushoto nimeweka PlayStation ya zamani, ya kijivu, na sidii ya Tekken 3 ya Kimarekani. Hapa kulia ni hii ndogo. Tivi mbili za aina moja. Mimi nashika padi ya kushoto, ndugu yangu ya kulia, sote tumemchagua Eddy, sote tunahesabu moja, mbili, tatu, halafu tunabonyeza teke lilelile kwa pamoja. Tazameni mguu. Moja, mbili, tatu... Umeona? Wa kushoto ameshatua chini, wa kulia mguu bado uko hewani. Tena. Moja, mbili, tatu. Si kidole cha ndugu yangu, ngojeni tubadilishane padi, mimi niende kulia. Moja, mbili, tatu. Yaleyale.

Na sasa nimechukua simu, nimerekodi skrini ya kulia kwa mwendo wa polepole. Angalieni kiatu cha Eddy kikipita. Kinakwenda, kinakwenda, kinakwenda, kinakwenda, kinakwenda, kinasita. Kinakwenda mara tano, kinasita. Ile kusita ndiyo jicho lako linaihisi bila kuijua, ndiyo inayofanya mchezo uwe kama gari linalokwaruza.

Sababu ni hii. Zamani dunia ya tivi iligawanyika. Marekani na Japani picha zilikwenda 60 kwa sekunde. Ulaya, na sisi Kenya pia, tulikuwa watu wa PAL, mfumo wa tivi wa picha 50 kwa sekunde. Gemu iliyotengenezwa kwa 60, ikiletwa kwenye 50 bila kurekebishwa, inapungua mwendo kwa sehemu moja katika sita. Kitu cha sekunde 10 kinakula sekunde 12. Zamani hiyo ilikuwa lazima, tivi zenyewe hazikuweza. Lakini hii mashine imetoka 2018! Tivi zote za HDMI zapokea 60. Na Sony, wenye PlayStation, wakachukua gemu 9 katika zile 20 wakaweka zile za PAL, hata kwenye mashine zinazouzwa Marekani kwenyewe. Tekken 3 ni moja yake. Halafu mashine yenyewe inatoa picha 60, kwa hivyo zile 50 zinanyooshwa zijaze nafasi 60, kila baada ya tano moja inarudiwa. Ndiyo kile kiatu kinachosita.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Nintendo walikuwa wameshaonyesha njia. NES ndogo na Super Nintendo ndogo zilizouzwa Ulaya, kwenye nchi zenyewe za PAL, wameziwekea gemu za 60. Wazungu wa Uingereza waliokua na Mario wa mwendo pole walipata Mario wa mwendo kamili. Yaani mpinzani alimwondolea Mzungu 50 akampa 60, huyu akamwondolea Mmarekani 60 akampa 50.

Na ndani ya PlayStation hii, programu inayoziendesha gemu Sony hawakuiandika wenyewe. Wametumia PCSX ReARMed, programu huria ambayo wapenzi wa gemu wameitengeneza kwa hiari. Silaumu hilo, programu yenyewe ni nzuri. Nalaumu kwamba programu hiyo ina menyu ya kurekebisha mambo, na wakaifunga. Mashine ilipotoka tu, watu waligundua kwamba ukichomeka kibodi fulani za USB na kubonyeza Esc, menyu inafunguka! Nami nimejaribu. Kibodi ya ndugu yangu, haikubali. Kibodi ya jirani, haikubali. Nimezunguka mpaka Mwembe Tayari nikaazima nyengine kwa fundi wa kompyuta, taa zikawaka, menyu haikuja. Fundi mwenyewe alisimama nami nusu saa, kazi zake akaziacha, Mungu ambariki.

Kabla sijaendelea, habari za chaneli. Video sasa zitakuwa zikitoka Ijumaa baada ya swala ya magharibi, si Jumatano tena, kwa sababu Jumatano nina zamu kazini. Na wale walioniandikia kwamba sauti ya video iliyopita ilikuwa chini, mlisema kweli, nimenunua maikrofoni hii ndogo, niambieni kama mnanisikia sawasawa. Gonga kengele kama bado.

Haya, Sega. Hapa ndipo nafurahi.

Mega Drive wengi wetu hatukuwa nayo, nilimwona Sonic, shujaa wa gemu za Sega, kwa mtoto wa jirani aliyekuwa na baba baharia. Kwa hivyo sina mapenzi ya utotoni ya kuisaidia hii. Imenivutia kwa kazi yake. Gemu 42. Waliopewa kazi ya kuzifanya ziende ni kampuni ya Japani inaitwa M2, watu wanaojulikana kwa kurudisha gemu za zamani kwa uangalifu. Zote zinakwenda 60. Muziki wa menyu umetungwa na Yuzo Koshiro, yuleyule wa muziki wa gemu za Streets of Rage. Hebu sikilizeni kidogo... Ninaiacha tu ikiimba hata wakati sichezi.

Lakini ninachotaka mkione ni hiki. Naingia kwenye mipangilio, naingia kwenye lugha. Sasa iko Kiingereza. Naweka Kijapani. Tazameni menyu: maandishi yamebadilika, mpangilio umebadilika, na maboksi yote ya gemu yamebadilika picha. Streets of Rage 2 imekuwa Bare Knuckle II. Si picha tu. Nifungue. Namchagua huyu kijana wa viatu vya magurudumu. Kwa Kiingereza jina lake ni Skate. Angalieni hapo juu penye uhai wake: Sammy. Wameweka gemu ya Kijapani yenyewe ndani, nzima, na ya Kiingereza nzima. Hakuna aliyewalazimisha. Wengi walionunua hii hawatagusa lugha hata siku moja. Wamefanya kwa ajili ya yule mmoja atakayegusa.

Na kuna kitu kidogo zaidi. Ukipenda, unaweza kuyageuza maboksi yasimame kwa ubavu, ukaona migongo yake imepangana kama kwenye rafu. Na huku kwenye mashine, kitufe hiki cha sauti kinateleza, huu mlango wa kanda unafunguka. Havifanyi kazi yoyote. Nimekaa usiku nikivitelezesha.

Kasoro ipo. Padi zilizokuja na yangu ni za vitufe vitatu. Street Fighter II ina mashambulizi sita, kwa hivyo inabidi ubonyeze Start kuhama kutoka ngumi kwenda mateke. Katikati ya vita! Wajapani walipewa za vitufe sita. Kama unacheza Street Fighter, tafuta padi ya vitufe sita kando, usijitese.

Nintendo nitapita haraka. Hii NES ndogo ina gemu 30, picha safi, lakini waya wa padi haufiki mita. Nitanyoosha muone. Padi mkononi mwangu, mashine iko hapo, na mimi tayari nimeketi pua na tivi. Na kila ukitaka kubadilisha gemu lazima uinuke ubonyeze Reset kwenye mashine yenyewe. Kwetu tunakaa kwenye mkeka, naweza kuivuta mashine karibu, lakini mwenye kochi ataumia. Super Nintendo wakarefusha waya, wakaweka padi mbili badala ya moja, na wakaweka uwezo wa kurudisha mchezo nyuma kama kanda, ukianguka shimoni unarudi kabla ya kuruka. Gemu ni 21 tu, lakini mojawapo ni Star Fox 2, ambayo ilikamilishwa miaka ya 90 ikafungiwa kabatini, haikuuzwa mpaka kilipotoka kijisanduku hiki.

Bei. NES ilitoka kwa dola 60, Super Nintendo 80, Sega 80, PlayStation 100. Dola 80 ni zaidi ya shilingi elfu kumi, kabla ya usafiri na ushuru. PlayStation haikumaliza mwezi, maduka ya Marekani yakaishusha hadi 60. Leo hizi hazitengenezwi tena, kwa hivyo ni za mkono wa pili, na bei ni ya mwenye nayo.

Na hapa nisikizeni vizuri, hasa wazazi. Mitaani mtaiona kitu kama NES hii hasa, boksi linasema gemu 620. Hiyo siyo. Ya kweli ina 30, haiongezeki. Mimi mwenyewe niliuziwa moja na mtu aliyeniapia kwamba ni orijino, nikafika nyumbani nikakuta waya wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na manjano, na gemu moja imejirudia mara nyingi kwa majina tofauti. Niliporudi hakunipokea. Kama bei ni elfu moja na kitu na mwanao anataka tu kitu cha kuchezea, nunua, ila ujue unanunua nini.

Sasa mtaniuliza, ununue ipi? Sega. Nilianza wiki nikisema PlayStation naiuza. Lakini jana usiku nikafungua Final Fantasy VII, ambayo zamani ilikuwa sidii tatu, na nikakuta kwamba kitufe cha OPEN juu ya mashine ndicho kinachobadilisha sidii. Mkono wangu ulikwenda pale wenyewe, kama zamani nilipokuwa nafungua kile kifuniko. Na gemu hiyo ni ya 60, inakwenda vizuri. Padi yenyewe ni nyepesi lakini umbo ni lilelile. Siiuzi. Bado.

Kwa hivyo nina ombi kwenu mnaonitazama kutoka Likoni, Kongowea, Tudor, popote. Mwenye kibodi ya USB ya waya, hasa zile za wachezaji, aniandikie hapo chini aina yake, nitavuka feri mwenyewe kuja kuijaribu. Hizi tivi mbili siziondoi hapa. Ikifunguka ile menyu, Ijumaa inayofuata tunamweka Eddy yuleyule, kushoto na kulia, tunahesabu moja, mbili, tatu.