Kununua bilberi: tunda kwanza, kidonge baadaye, majani yaache

Kinachouza bilberi, tunda dogo la buluu iliyokolea linaloota Ulaya, ni macho. Kila muuzaji ana ile hadithi ya marubani wa Uingereza waliokula jamu yake enzi za Vita vya Pili vya Dunia, wakawa wanaona gizani. Majaribio makini yaliyofanywa baadaye kwa watu wenye macho mazima hayakuonyesha nafuu yoyote ya kuona usiku. Kama tatizo lako ni macho, nenda ukapimwe.

Yanayobaki ni matumizi ya kawaida tu. Shirika la Dawa la Ulaya linaikubali bilberi, Vaccinium myrtillus, kwa msingi wa mazoea ya miaka mingi: tunda kavu kwa kuharisha kwa kawaida na uvimbe mdogo mdomoni, na dondoo la tunda bichi kwa miguu inayokuwa mizito kwa sababu ya mishipa ya damu. Mimi ningenunua kwa mpangilio huu.

1. Tunda kavu, zima. Unaona unachonunua, na hilo pekee linalipa nafasi ya kwanza. Kuwa kavu ni muhimu: bichi ukila nyingi hulegeza tumbo, kavu hulifunga kwa sababu ya tanini, ile kemikali ya mimea inayokaza mdomo. Kipimo cha kimapokeo kwa mtu mzima ni gramu 20 hadi 60 kwa siku, zikichemshwa na kunywewa kwa mafungu. Maji ya chumvi na sukari yanaendelea kama kawaida. Bilberi haichukui nafasi yake. Kuharisha kukipita siku tatu, au ukiona damu au homa, hiyo si kazi ya mitishamba tena. Mtoto mdogo apelekwe mapema zaidi.

2. Tunda la kugandishwa. Chakula kizuri, dawa kidogo. Pasua moja: bilberi halisi ina wekundu wa zambarau mpaka ndani na inaacha ulimi umepakaa rangi. Ukikuta nyama ya kijani iliyopauka, umeuziwa buluberi ya shambani, binamu yake mkubwa wa Amerika Kaskazini. Haina ubaya, ila siyo uliyoilipia.

3. Kapsuli za dondoo. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Kilo moja ya dondoo zuri hula takriban kilo 100 za tunda bichi, kwa hiyo bei ya chini mno inatakiwa ikushtue. Lebo itaje jina la kisayansi, iseme ni tunda, na ionyeshe kiwango cha anthosayanini, yaani rangi asilia ya tunda. Kilichozoeleka ni asilimia 36. Ikiandika “unga wa tunda” tu, hicho ni kitu kingine, dhaifu zaidi.

Wapo wanaochanganya rangi ya viwandani iitwayo amaranthi, iliyopigwa marufuku Marekani tangu 1976. Ukiwa na wasiwasi, fungua kapsuli moja kwenye glasi ya maji, utie magadi soda kidogo. Rangi ya tunda hubadilika kuelekea buluu au kijani cha matope; ya kiwandani hubaki nyekundu. Mchele mweusi, ambao nao hutumika kughushi, utalipita jaribio hili bila shida. Huo unanaswa na maabara, kwani bilberi ina anthosayanini 15 zenye mpangilio wake, wakati mchele una aina moja inayotawala. Muuzaji asiyeweza kutoa cheti cha maabara mimi namruka.

Kapsuli zina nguvu kuliko tunda la mezani, kwa hiyo anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), aspirini ya kila siku au dawa ya sukari amuulize kwanza daktari au mfamasia. Unasubiri upasuaji? Mwambie daktari unazitumia. Ushauri wa kawaida ni kuacha wiki mbili kabla. Wajawazito na wanaonyonyesha wale tunda kama chakula, waachane na dondoo.

4. Juisi, sharubati, jamu. Sukari kwanza, bilberi baadaye. Nunua kwa utamu.

5. Majani. Sinunui, na simshauri mtu. Yanasifiwa kwa kisukari, lakini wanyama waliopewa kwa wingi na kwa muda mrefu walidhurika, na mtu anayemeza dawa ya sukari akiyaongezea chai hii anaweza kushushwa sukari kupita kiasi. Ukikuta pakiti imeandikwa “chai ya bilberi” bila kusema ni jani au tunda, chukulia ni jani.