Kituo cha kutwa cha watu wenye ulemavu huku Nyasaka, Mwanza: nyota nne, ya tano nimeibana

Jina siweki mana nafasi zenyewe ni 16 tu na zimejaa, wa Nyasaka mnakijua, kile cha geti la bluu kule juu kwenye mawe. Mdogo wangu ana miezi tisa pale. Ana miaka 23, ana Down syndrome (ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao) na kifafa, na jamani msiniulize "katoto kako kanaendeleaje", yule ana ndevu.

Kabla ya hapo alikuwa sehemu nyingine, sitaitaja. Vigae, TV kubwa ukutani, ukiingia unasema hapa ndo penyewe. Ila ndani ya mwaka alibadilishiwa walezi watano, yaani akimzoea mmoja kaondoka, na yeye akirudi nyumbani hali chakula, anakaa tu mlangoni na viatu hataki kuvua. Mmoja nilikuja kumkuta Mwaloni Kirumba anauza dagaa, nikamuuliza mbona uliacha, akacheka akasema dada, mshahara wa mwezi wa tatu nimeuona mwezi wa tano, halafu niko peke yangu na watu tisa, hata chooni naenda mlango wazi. Na ni huko huko siku kifafa kimempanda wakamsukumia kijiko mdomoni, jino la mbele likaenda. Aliyefanya hivyo ana wiki mbili kazini, hakuna aliyemfundisha, kafanya alichokiona kwao. Sikuweza hata kumgombeza.

Sasa hapa, siku ya kwanza nilijibanza mpaka saa saba nione. Saa nne dada mlezi kavuta kigoda kakaa usawa wake, sio kumsimamia kichwani, akachukua matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) niliyomfungia, akaloweka kwenye chai mpaka yakalainika, akakata vipande vidogo vidogo, hampi kingine mpaka ameze. Huyu ndugu yangu anabugia, anapaliwa kirahisi, na mimi mwenyewe nyumbani hiyo subira huwa sina. Katikati akaja mwenzake akamwambia nipishe, kanywe chai. Kumbe wana chai yao! Nusu saa, kwa zamu, chini ya mwembe, na hakuna anayewaita.

Mwezi wa sita kifafa kikampanda tena, nilikuwa nimefika kumchukua. Dada kamlaza ubavu, kanga kaikunja chini ya kichwa, kasogeza benchi, macho kwenye saa. Mdomoni hakuweka kitu. Dakika mbili kikakata. Akaniambia tu ingefika tano tungekuwa njiani kwenda hospitali ya Bugando, bodaboda wa kituo tayari alishapigiwa. Mi nilikuwa nalia.

Nikamuuliza mama mwenye kituo hawa wadada unawatoa wapi. Akasema wa kawaida tu mwanangu, ila wana mkataba wa maandishi, NSSF, masaa 45 kwa wiki, likizo siku 28, "hiyo ni sheria ya kazi, mi sijabuni kitu". Kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo anakuja kuwafundisha jinsi ya kumnyanyua mtu bila kujivunja mgongo, na wa uzito mkubwa hanyanyuliwi na mmoja.

Ijumaa wanafunga saa nzima mapema ili wakae waongee, na hapo nililalamika kwelikweli, mana mi natoka kazini saa kumi na moja. Mpaka nikaambiwa ya yule kijana aliyekuwa anang'ata, dada mmoja bado ana alama mkononi. Wamekaa Ijumaa mbili wanahesabu kila tukio lilianzaje, wakagundua ni kila jirani akiwasha jenereta. Sikuizi umeme ukikatika tu wanamhamishia chumba cha nyuma kabla halijawashwa. Kang'ata mara moja tu tangu hapo.

Nyota niliyobana: njia ni mbovu, mvua ikinyesha mawe yanateleza na bodaboda wengine hawapandi. Kubwa zaidi, hakuna mlezi wa kiume hata mmoja. Mwanaume wa miaka 23 anaogeshwa na wadada, anaona aibu, anajifunika kwa mikono, naumia. Wanasema wanaume wakisikia mshahara hawarudi.

Ada ilikuwa 150,000 kwa mwezi, Januari inakuwa 170,000. Barua imeandika kabisa nyongeza ni ya mishahara na ya kumtafuta huyo mwanaume. Wazazi wengine wamenuna kwenye grupu la WhatsApp, mi nimeshalipa ya Januari.